Kiondo cha Mama

Zamani katika nchi ya Ukambani, mama aliyetaka kusuka kiondo alitwaa gome la mbuyu, akatoa nyuzi, akazisokota kwa mkono juu ya paja, kisha akakisuka toka kitako mpaka ukingo. Kazi hiyo ilichukua majuma mengi. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo viliuzwa kwa wingi Ulaya na Marekani, na wenye nyumba wengine wakatoa hata vile walivyoachiwa na mama zao. Fedha ilikwisha upesi; kiondo hakikurudi, wala mkono uliokisuka. Kwa hiyo mwenye kiondo cha marehemu yafaa akitundike mahali pakavu, na awaambie watoto jina la aliyekisuka.