Kutazamana Kichwa

Katika nyumba za Pwani, kutazamana kichwa ni kazi ya alasiri. Vyombo vya mchana vimekwisha kuoshwa, jua limepoa, na mkeka umetandikwa uani. Mtoto huketi chini katikati ya magoti ya bibi, shavu likalalia paja, na bibi huanzia nyuma ya masikio na kisogoni, kwa sababu huko ndiko chawa hupenda kukaa na kutaga. Anayemjua mdudu huyu haanzi kumtafuta utosini.

Vidole hufungua nywele fungu kwa fungu. "Tulia, mjukuu wangu, inamisha." Chawa akionekana huvutwa taratibu kuufuata unywele hadi nchani, akawekwa juu ya ukucha wa dole gumba na kubanwa kwa ukucha wa pili mpaka alie: ta! Doa dogo jekundu hubaki ukuchani, likafutwa kwenye kitambaa, na vidole hurudi kazini. Tunaposema kidole kimoja hakivunji chawa, leo kwenye vikao vya harusi na mikutano ya ushirika, tunazungumza juu ya kucha hizi mbili. Na kuna jambo jingine ambalo methali haikulitaja: hakuna awezaye kukitazama kisogo chake mwenyewe. Mwenye chawa anahitaji mtu wa kumpakata.

Nayasema haya kwa sababu siku hizi chawa wakiingia nyumbani watu hukimbilia kuuliza dawa, na mikono imesahauliwa. Mimi naamini mikono ndiyo dawa, na vingine vyote ni wasaidizi wake.

Tazama maisha ya chawa mwenyewe. Jike hutaga mayai kadhaa kila siku, akayagandisha kwenye unywele karibu kabisa na ngozi, kwa gundi isiyotoka kwa maji wala sabuni. Yai huanguliwa baada ya wiki moja hivi. Aliyetoka humo huhitaji siku 9 hadi 12 kabla hajakomaa na kuanza kutaga. Kwa hiyo kichwa kinachotazamwa vizuri kila wiki hakiwapi chawa nafasi ya kuzaliana. Josho la Ijumaa ni sunna, na nyumba iliyozoea kuosha na kusuka vichwa vya watoto kwa ajili ya siku hiyo ilikuwa tayari na ratiba yake. Mtoto ambaye chawa wamekwisha kumzidi atazamwe kila baada ya siku tatu au nne, kwa wiki mbili kamili. Wengi hushindwa hapo: husafisha mara moja, wakaona kichwa kimetulia, wakaacha, na mayai yakaanguliwa.

Mafuta ya nazi yana kazi yake. Kichwa kikipakwa mafuta mengi, chawa huteleza na kupungua mbio, na kitana chenye meno yaliyosongamana hupita bila kung'oa nywele. Anza kwenye ngozi, vuta hadi nchani, futa kitana kwenye kitambaa cheupe, tazama kilichotoka, rudia. Mafuta ya nyonyo ni mazito zaidi na hufanya kazi ile ile. Ila mtu asidhani mafuta yatamaliza jambo peke yake, maana chawa anaweza kuzuia pumzi kwa saa nyingi, na yai halijali mafuta. Kitana nacho kinataka nywele za singa au zilizolainika. Kwenye kipilipili hakipiti, na ndiyo maana huko kazi hufanywa kwa vidole, kisha nywele zikasukwa mistari au twende kilioni ili ngozi ionekane vizuri wiki ijayo. Kunyoa ni njia ya mkato na inafanya kazi kweli. Kwa mtoto mdogo sina neno. Msichana mkubwa kunyolewa kwa nguvu kwa sababu ya chawa ni adhabu, na hajakosa.

Majani tunayo. Mwarobaini huchemshwa na maji yake yakamwagiwa kichwani, ingawa nguvu kubwa iko kwenye mafuta ya mbegu zake. Mafuta hayo ni ya kupaka tu, na mtoto asinyweshwe kamwe. Utupa, ule ule unaotumiwa kulewesha samaki, nao umetumika tangu zamani dhidi ya chawa na kupe. Ni sumu kweli, na mimi singeutia kwenye kichwa cha mtoto kilichokwisha kukunwa mpaka kikatoka damu. Siki na ndimu huchoma vidonda na kuliacha yai mahali pake.

Kisha kuna pareto, ua jeupe la nyanda za juu za Kenya, Iringa, Mbeya na Rwanda. Maua yake yakikaushwa hutoa kiini kinacholemaza wadudu, na kiini hicho kimeingia katika dawa za chawa zinazouzwa nchi za mbali. Wanakemia waliiga sumu ya ua hilo wakatengeneza pemethrini, na sasa Ulaya na Marekani kuna chawa wengi ambao pemethrini haiwaui tena. Huko Uingereza, huduma ya afya ya taifa inawashauri wazazi waanze kwa kuchana nywele zilizolowa kwa kitana. Bibi zetu walikuwa hapo hapo tangu zamani.

Mafuta ya taa yaachwe kabisa. Huunguza ngozi, mvuke wake humwingia mtoto kifuani, na kichwa kilicholowa mafuta hayo karibu na koroboi au jiko ni moto unaosubiri. Dawa ya kupulizia mazao au kuogeshea mifugo ni mbaya zaidi, kwani hupenya ngozini.

Kinachoniuma kuliko yote ni aibu. Chawa wa kichwa haruki kwa miguu wala kwa mbawa. Hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa, na hupenda kichwa safi sawa na kichafu. Haenezi ugonjwa. Anayeogopwa kwa haki ni ndugu yake, chawa wa mwilini, akaaye kwenye mishono ya nguo zisizobadilishwa. Charles Nicolle alithibitisha mwaka 1909 kule Tunis kwamba huyo ndiye aenezaye homa kali ya taifasi, na miaka ya 1990 homa hiyo iliwaua watu katika kambi za wakimbizi wa ndani nchini Burundi. Dawa ya chawa huyo ni kuchemsha nguo na kuzipiga pasi. Watu huwachanganya wawili hawa, na mtoto wa shule anayejikuna hutazamwa kama mwenye maradhi.

Msusi mwenye adabu huwaona chawa kichwani mwa mtoto mapema kuliko mtu yeyote. Hasemi mbele ya wateja. Humaliza fungu alilolishika, akamwita mama pembeni: "Dada, mtazame mwanao kichwa leo." Mama akifika nyumbani hana haja ya kuchoma godoro, kwa kuwa chawa aliyeanguka kutoka kichwani hufa kwa siku moja au mbili. Foronya na kanga za kichwani zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani, vitana vichemshwe. Na jioni hiyo hiyo watazamwe wote wanaolala nyumba moja, dada, kaka, binamu aliyekuja likizo, na mama mwenyewe, ambaye mara nyingi ndiye anayesahauliwa kwa sababu hakuna wa kumpakata.