Mchungaji na Sheikh Kizimbani Kisutu

Ukitoka Kariakoo na kikapu chako, ukavuka viwanja vya Mnazi Mmoja na barabara ya Bibi Titi Mohamed, utafika Kisutu. Akina mama wengi wanapajua kwa ajili ya soko lake. Lakini hapo hapo Kisutu ipo Mahakama ya Hakimu Mkazi, na asubuhi karandinga linapoingia, wake na mama wa washtakiwa huwa wamekwisha kupanga foleni, kanga mabegani, kila mmoja akinyoosha shingo amwone wake.

Wapo walioletwa hapo wakiwa viongozi wa dini. Jambo hilo huwachanganya waumini kuliko kesi ya mwizi wa kuku. Mchungaji aliyewabatiza watoto wako, au sheikh aliyemwozesha binti wa jirani yako, akisimama kizimbani, nyumba nzima huuliza: je, anaonewa kwa ajili ya imani, au kweli amekosa? Wasomaji wapenzi, mwezi huu tumeona tuwatazame wawili, mmoja wa upande wetu na mmoja wa upande wa majirani zetu.

Wa kwanza ni Mchungaji Christopher Mtikila wa Kanisa la Full Salvation, mzaliwa wa Ludewa. Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, yeye alikuwa miongoni mwa waliopiga kelele kuliko wote. Januari 1993 alihutubia mkutano mkubwa katika viwanja vya Jangwani, hapo chini ya Kariakoo. Aliwashambulia viongozi wa serikali, akawashambulia pia wafanyabiashara wenye asili ya Kiasia kwa jina la "magabacholi". Baada ya mkutano, vijana walipanda mjini wakirushia mawe magari na mali za Wahindi. Mchungaji akakamatwa na kufikishwa mahakamani.

Tuseme wazi kwamba neno lile hatukulipenda, wala hatulipendi hata leo. Mama wa Kariakoo anajua ni nani aliyemkopesha kitambaa cha sare za shule wakati mshahara wa baba haujatoka, na mara nyingi alikuwa ni Mhindi huyo huyo wa dukani. Mchungaji akisema mimbarani, kijana wa mtaani hasikii ufafanuzi, anasikia ruhusa.

Lakini si kila neno baya ni jinai, na hapa ndipo kazi ya mahakama inapoanza. Shtaka lililomfuata Mtikila miaka yote ni uchochezi, ambao wakati huo uliwekwa katika Sheria ya Magazeti ya mwaka 1976. Sheria hiyo ilipokaribia kumfunga mtu kwa kuisema serikali vibaya, ilitegemea sana jinsi hakimu alivyoisoma. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha pasipo shaka ya maana kwamba maneno yalitamkwa au kuandikwa na mshtakiwa, na kwamba yalikuwa na nia ile ambayo sheria inaikataza. Mshtakiwa hapaswi kuthibitisha kwamba yeye ni mtu mwema. Wako waumini wasiolijua hili, wakaenda Kisutu wakidhani watatoa ushahidi jinsi mchungaji anavyofunga na kuomba!

Mara nyingine mambo yalimwendea vibaya. Horace Kolimba, aliyekuwa Katibu Mkuu wa CCM, naye mtu wa Ludewa, alifariki ghafla Dodoma Machi 1997. Mtikila alisema hadharani kwamba chama chake ndicho kilichomwua. Mwaka 1999 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa maneno hayo. Mara nyingine alishinda. Mwaka 2012 mahakama ya Kisutu ilimwachia huru katika kesi ya waraka uliodai kwamba Rais wa wakati ule alikuwa akiuangamiza Ukristo. Hakimu aliona shtaka halikuthibitishwa.

Na mtu huyu aliyezoea kushtakiwa alijua pia kushtaki. Mwaka 1993 alifungua kesi ya katiba dhidi ya serikali katika Mahakama Kuu, Dodoma. Oktoba 1994 Jaji Kahwa Lugakingira aliamua kwamba kuwalazimisha wananchi kuomba kibali cha polisi kwa mikutano na maandamano kunakiuka katiba. Sheria ikabadilishwa, ikawa ni kutoa taarifa saa 48 kabla. Faida ya hukumu hiyo haikuwa ya Wakristo peke yao. Kila aliyekuwa na jambo la kusema uwanjani, awe na msalaba au na kofia ya kiua, aliipata. Kuhusu mgombea binafsi alifika hadi Mahakama ya Afrika, Arusha, akashinda Juni 2013. Alifariki katika ajali ya gari huko Msolwa, Chalinze, tarehe 4 Oktoba 2015, na uchaguzi wa mwezi ule ukafanyika bila mgombea binafsi.

Sasa tumtazame wa pili. Oktoba 2012, wiki chache tu baada ya kesi ya waraka wa Mtikila kwisha, watoto wawili huko Mbagala walibishana kuhusu Kurani Tukufu, na mmoja akaivunjia heshima. Ilikuwa ubishi wa watoto, wa aina ile ambayo mama huamua kwa sauti moja tu kutoka jikoni. Lakini Ijumaa ya tarehe 12 umati ulikusanyika, na makanisa kadhaa yakachomwa moto na kuvunjwa. Akina mama wa kwaya waliokota vipande vya vitabu vya nyimbo kwenye majivu.

Siku chache baadaye Sheikh Ponda Issa Ponda, Katibu wa Jumuiya na Taasisi za Kiislamu, alikamatwa, na tarehe 18 akafikishwa Kisutu pamoja na wenzake 49. Kesho yake, Ijumaa, waliomtaka aachiwe waliingia barabarani baada ya swala. Kariakoo ikafungwa. Polisi walipiga mabomu ya machozi, na wanajeshi wa JWTZ wakaonekana mitaani. Aliyekuwa na genge la nyanya Msimbazi siku hiyo hahitaji kusimuliwa.

Mtaani watu wengi waliamini, na wengine wanaamini mpaka leo, kwamba Sheikh alishtakiwa kwa kuchoma makanisa ya Mbagala. La hasha. Mashtaka yalihusu kiwanja cha Chang'ombe Markasi, ambacho BAKWATA ilikuwa imekibadilisha na kampuni moja, na ambacho kundi la Sheikh lilisema ni mali ya Waislamu wote. Humo mlikuwa na kuingia kwa jinai, wizi na uchochezi. Mkurugenzi wa Mashtaka alizuia dhamana yake, akakaa mahabusu miezi karibu saba. Tarehe 9 Mei 2013 mahakama ilimtia hatiani kwa kosa moja tu, kuingia kwa jinai, ikampa kifungo cha nje cha mwaka mmoja. Wenzake wote 49 wakaachiwa huru. Alikata rufaa, na Novemba 2014 Mahakama Kuu ikaitengua hata hatia hiyo moja.

Tunajua kwamba baadhi ya wasomaji hawatapenda kuyasoma haya katika gazeti la Kikristo. Uchungu wa Mbagala ni uchungu wa kweli. Hata hivyo, tuliposhangilia hakimu alipomwambia Mtikila kwamba shtaka halikuthibitishwa, tulishangilia kanuni, si mtu, na kanuni hiyo hiyo ndiyo iliyomfikia Sheikh. Paulo alipowekwa kizuizini Kaisaria, Festo, mtawala mpagani, aliwaeleza washtaki kwamba si desturi ya Warumi kumtoa mtu kabla hajakutana uso kwa uso na wanaomshtaki na kupewa nafasi ya kujitetea. Msomaji ataikuta habari hiyo katika Matendo ya Mitume, sura ya 25. Paulo hakuidharau nafasi hiyo. Aliitumia mpaka rufaa kwa Kaisari.

Basi kiongozi wa dini akishtakiwa, kabla ya kuchangishana vitenge na nauli, ulizeni mambo haya: hati ya mashtaka inasema nini hasa? Je, dhamana ipo, na wadhamini wanatakiwa kuwa na nini? Kesi imeahirishwa mpaka lini? Majibu hayatoki kwenye daladala wala kwa msemaji wa kikundi. Kesi nyingi husikilizwa mahakama ikiwa wazi kwa umma. Mama anayetoka sokoni anaweza kuweka kikapu chake miguuni kwenye benchi la nyuma, azime simu, asimame hakimu anapoingia, kisha asikilize mwenyewe kinachosomwa.