Namna Televisheni Ilivyosafiri Kutoka Limuru Hadi Ziwani

Mkulima wa Sori anayetaka kununua televisheni huuliza swali moja: "Je, picha itafika nyumbani kwangu?" Swali hilo ni la maana, kwa sababu pesa za televisheni ndizo pesa za mbolea na karo. Ili kulijibu, yafaa kwanza tujue jambo hili lilianzaje.

Televisheni ilianza Kenya mwaka wa 1962. Mtambo wa kwanza wa kurusha picha uliwekwa katika nyumba ya shamba huko Limuru. Nguvu zake zilifika kama maili 15 tu, yaani kilomita 24, kila upande. Kutoka Limuru hadi Sori ni zaidi ya kilomita 250. Basi huku Karungu hakuna aliyeona kitu.

Tarehe 1 Julai, 1964, utangazaji ulitwaliwa na Serikali ukaitwa Sauti ya Kenya. Mwaka wa 1970 kituo cha televisheni kilifunguliwa Mombasa. Mwaka wa 1989 Sauti ya Kenya ilirudishiwa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya, yaani KBC. Mwaka wa 1990 ikaanza KTN, televisheni ya kwanza isiyo ya Serikali.

Kwa nini ilichukua miaka mingi kuenea? Mawimbi ya televisheni huenda moja kwa moja kama mwanga wa tochi. Mlima ukisimama mbele, huyazuia. Kati ya Limuru na Ziwa kuna Bonde la Ufa, milima ya Mau na vilima vya Kisii. Hivyo ilibidi milingoti isimamishwe mahali pa juu, mmoja upokee na kuupa mwingine, kama watu wanaopokezana ndoo za maji. Na kila mlingoti unataka barabara, umeme na mlinzi.

Zamani kila kituo kilihitaji njia yake ya mawimbi. Mwezi wa Desemba 2009 Kenya ilianza utangazaji wa dijitali, na mwaka wa 2015 mitambo ya zamani ikazimwa. Kwa dijitali, mlingoti mmoja hubeba vituo vingi. Hata kituo kidogo chaweza kulipia nafasi bila kujenga mlingoti wake.

Mkulima anapata faida gani? Redio husimulia ugonjwa wa mahindi, lakini televisheni huonyesha jani lenyewe. Tangu mwaka wa 2012 kipindi cha Shamba Shape Up kimewaonyesha wakulima wadogo wakitembelewa na wataalamu katika mashamba yao.

Kabla ya kutoa pesa, fanya haya:

1. Tazama kwanza kwa jirani. Kama nyumba yako iko nyuma ya kilima, usitegemee picha yake.

2. Televisheni ya zamani huhitaji king'amuzi. Uliza kama ni cha bure au cha kulipia kila mwezi.

3. Inua antena juu ya paa, uielekeze kwenye mlingoti. Mahali ambapo mawimbi ya mlingoti hayafiki, dishi la setilaiti laweza kufaa.

4. Radi ni nyingi pande zetu. Mvua isijafika, chomoa waya wa umeme na wa antena.

Ukifuata hayo, hutanunua sanduku la kupamba nyumba tu.