Mtumbwi wa Mjomba

Aliyefika Kindu anajua jinsi mto Lualaba unavyoupasua mji ule. Ukingo wa magharibi ipo stesheni ya gari la moshi. Ukingo wa mashariki ipo Alunguli, ndipo tulipolelewa. Daraja halikuwapo. Mwenye haja ya ng'ambo alipanda mtumbwi, na mmoja wa mitumbwi hiyo ulikuwa wa mjomba wetu.

Tukiwa wadogo tuliwaza maji yale yaendako. Baba alitueleza kwamba hushuka hata Ubundu, na mbele yake yapo maporomoko saba ya Boyoma, ambayo hakuna meli iwezayo kuyapita. Ndiyo sababu Wabelgiji walijenga reli ya kilomita 125 mpaka Kisangani, ikamalizika mwaka 1906. Huko mto hupata jina la Kongo. Sisi kwetu ulikuwa mto tu.

Kazi yetu ya kwanza ilikuwa kuchota kwa kopo maji yaliyoingia mtumbwini. Baadaye tukapewa kafi. Mjomba alitufundisha tusivuke moja kwa moja: kwanza tupande kandokando ya ukingo, ambako maji ni mapole, mpaka kwenye mti mkubwa, ndipo tugeuze, na mkondo wenyewe utushushe gatini. Kupanda huko kulichosha mikono kuliko kuvuka.

Siku moja mjomba alishikwa na homa, akatuachia chombo sisi na mwanawe. Tulikuwa na miaka kumi na miwili, na ada ya shule haijatimia. Akaja mama mmoja na magunia mawili ya mpunga. Kwa tamaa ya kuvusha wengi kabla ya jua kuchwa, hatukufika mtini. Katikati ya mto mkondo ukatupiga ubavuni, maji yakaingia, gunia moja likazama. Mama yule alishika ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, wala hakupiga kelele. Hata leo tungependa kama angalipiga.

Nyumbani tulisema tumegongwa na gogo. Mjomba akaamka kitandani, akashuka mtoni akijikongoja, akapapasa ubao wa mtumbwi tangu mbele hata nyuma.

"Mpwa wangu, gogo liligonga wapi?"

Hatukuwa na jibu. Akarudi kulala.

Deni lile tulililipa kwa kuvusha watu kila Jumamosi na kila jioni. Ada ikachelewa, tukarudishwa nyumbani majuma matatu, na wenzetu wakatutangulia katika hesabu za sehemu, ambazo mpaka sasa twazifundisha kwa woga kidogo.

Tulipompelekea mama yule fedha za mwisho, alizihesabu mara mbili, akazifunga katika pindo la kitenge. Kisha akapandisha gunia lake mtumbwini, akaketi mbele, akauliza:

"Leo mtapanda mpaka mti gani?"