"Ji" Moja ya Kiswahili, "Self" Nyingi za Kiingereza



Mtoto wa Bariadi, Maswa au Meatu husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wengi nyumbani huongea Kisukuma. Akifika kidato cha kwanza, masomo yanageuka kuwa ya Kiingereza. Akiingia seminari kuu, vitabu vingi vya falsafa navyo ni vya Kiingereza. Kuna kosa linaloweza kumfuata njia yote hiyo: "They prepared theirself", "We introduced ourself".

Chanzo chake ni lugha yetu wenyewe. Kiswahili kina "-ji-" moja kwa watu wote: najiandaa, unajiandaa, tunajiandaa, wanajiandaa. Umoja na wingi unaonekana mwanzoni mwa kitenzi. Kiingereza hakina nafasi hiyo ndani ya kitenzi, hivyo huweka neno la pembeni, nalo lazima lilingane na kiima. Mmoja ni "self", wengi ni "selves": "I prepare myself", "we prepare ourselves", "they prepare themselves". (Mafrateri wanaosoma Kilatini watakumbuka kuwa "se" hutumika kwa yeye na kwa wao pia. Kiingereza hakina huruma hiyo.) Ukisahau, fikiria "mwenyewe" na "wenyewe". Hakuna anayesema "mapadre mwenyewe".

Mtego mkubwa uko kwenye "you", maana ni neno lilelile kwa mmoja na kwa wengi. Mwanakwaya mmoja huambiwa "Prepare yourself", kwaya nzima "Prepare yourselves". Sisi tofauti hiyo tunaibeba kwa "-ni": jiandae, jiandaeni. Katika amri ya kumpenda jirani, Kiingereza husema "yourself", umoja, kama Kiswahili kinavyosema "nafsi yako", kwa sababu kila mmoja anaambiwa peke yake.

Tena, si kila "-ji-" inadai "self". Kujifunza ni "learn", kujiunga ni "join", kujiuzulu ni "resign". "I am learning myself English" ni Kiswahili kilichovaa kanzu ya Kiingereza. Na "Myself and Father went to Maswa" isahihishwe iwe "Father and I went to Maswa".

Neno "each" nalo ni umoja, hata likifuatwa na kundi: "Each of the catechists has a Bible", si "have". Kiswahili kinakubaliana nalo: kila mmoja wao ana Biblia.

Linalobadilisha maana kabisa ni kuchanganya kujipenda na kupendana. "They love themselves" ni wanajipenda, "they love one another" ni wanapendana. Mhubiri anayetaka waumini wapendane, kisha akatamka "Christians must love themselves", msikilizaji wa Kiingereza atasikia kwamba kila mtu ajipende mwenyewe. Hapo kinachotakiwa ni "one another" au "each other".