Kabla Hujalipa, Fungua Kifuniko cha Nyuma

Mwishoni mwa mwaka 1960 kiwanda cha Gibson, mjini Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, kiliamua kuachana na umbo la gitaa lake la umeme liitwalo Les Paul Standard. Lilikuwa halinunuliki. Wengi waliliona zito begani, na magitaa mepesi ya Fender kutoka California yalikuwa yameshawavutia vijana. Dukani liliuzwa chini ya dola 300. Leo gitaa hilohilo la kati ya 1958 na 1960, likiwa halijachokonolewa, huuzwa kwa mamia ya maelfu ya dola.

Yalitengenezwa takriban 1,500 tu katika miaka hiyo mitatu. Lakini uchache pekee haupandishi bei; yapo magitaa machache kuliko hayo ambayo hakuna anayeyaulizia. Waliolipandisha bei ni wapigaji. Mwaka 1964 Keith Richards wa Rolling Stones alionekana nalo jukwaani. Mwaka 1966 Eric Clapton akarekodi nalo akiwa na bendi ya John Mayall, amplifaya ya Marshall ikiwa imefunguliwa mpaka sauti inakwaruza. Mlio ule mnene, usiokatika haraka, uliwashtua vijana wa Uingereza, wakaanza kulisaka katika maduka ya vitu vilivyotumika. Kufikia 1968 Gibson walilirudisha kiwandani.

Les Paul mwenyewe alikuwa mwanamuziki, na jina lake liliandikwa kwenye kichwa cha gitaa hilo tangu 1952. Kwa hiyo gitaa la kale linalotafutwa kuliko yote ni gitaa lenye sahihi ya msanii. Hapo ndipo wanunuzi wengi wapya wanapopotea, kwa kudhani kwamba jina ndilo linalobeba thamani. Jina la kiwandani lipo kwenye maelfu ya magitaa. Mkusanyaji analipia ushahidi: kwamba kitu hiki kilitoka mwaka huu, na vipande vyake hivi, kikapita mikono hii.

Ushahidi huo uko ndani. Geuza gitaa, ondoa skrubu za kifuniko cha nyuma, utazame vidhibiti vya volyumu na toni. Kwenye bati la kila kimoja kimegongwa msururu wa tarakimu. Tuseme unasoma 1376632: 137 ni kampuni ya CTS iliyokitengeneza, 66 ni mwaka 1966, na 32 ni wiki ya 32 ya mwaka huo. Gitaa haliwezi kuwa la zamani kuliko vipuri vyake vya asili. Muuzaji akikuambia ni la 1964, kuna kipande kilichobadilishwa, au maneno yake hayana ukweli. Lakini linaweza kuwa jipya kuliko vipuri. Fender walinunua shehena kubwa ya vidhibiti hivyo mwaka 1966 na kuendelea kuvitumia miaka kadhaa baadaye, kwa hiyo tarakimu hizo hukuwekea mpaka wa nyuma tu.

Kisha tazama risasi iliyounganisha nyaya. Ile ya kiwandani imefifia, na vumbi la miaka limeishika. Iliyoyeyushwa upya hung'aa, au huacha alama ya moto kwenye kitambaa kilichovikwa waya. Mimi huanzia hapo kabla hata ya kuipa rangi nafasi, kwa sababu rangi hudanganya macho kwa urahisi zaidi. Pikapu za asili, yaani vinasa mlio vilivyo chini ya nyuzi, zikishang'olewa na kuuzwa peke yake kwa maelfu ya dola, risasi ndiyo inayobaki kusema.

Na pikapu zenyewe zinastahili maelezo. Fundi wa Gibson, Seth Lover, alibuni pikapu yenye koili mbili zinazofutiana ule mvumo unaosumbua pikapu za koili moja. Maombi ya hataza yalipelekwa 1955, nayo hataza ikatolewa 1959. Ndiyo maana pikapu za miaka hiyo zina kibandiko kidogo chini yake kinachotangaza kwamba hataza imeombwa. Idadi ya mizunguko ya waya haikulingana, wala sumaku hazikuwa za aina moja, hivyo magitaa mawili ya mwezi mmoja yanaweza kutoa mlio tofauti kabisa. Zile ambazo koili moja ni nyeusi na nyingine nyeupe, wakusanyaji huziita pundamilia, nao huzigombea.

Rangi nayo ina habari zake. Wekundu uliopakwa pembezoni mwa magitaa mengi ya Les Paul ya miaka hiyo haukuhimili mwanga. Lililotundikwa dirishani mwa duka limekuwa rangi ya chai ya rangi, na jingine limebaki manjano tupu, ilhali lililolala sandukuni bado lina wekundu wake. Mbaya ni pale mtu anapopaka upya ili lipendeze: gitaa lililopakwa upya hupoteza kama nusu ya thamani. Taa ya zambarau, ileile ya kukagulia noti bandia, huonyesha mara moja wapi vanishi ya zamani inaishia na mpya inaanzia.

Kuna wakati sheria hizi zote huwekwa kando. Juni 2019, katika mnada wa Christie's mjini New York, gitaa jeusi la Fender aina ya Stratocaster la David Gilmour wa Pink Floyd liliuzwa kwa dola 3,975,000. Gitaa lile lilikuwa limebadilishwa shingo na pikapu, likatobolewa, likapakwa rangi juu ya rangi. Mikononi mwa mtu asiyejulikana, fundi angelithamini kama mkusanyiko wa vipuri. Lakini kila badiliko lilikuwa na picha, rekodi na tarehe, na mwenyewe alikuwa hai kulithibitisha. Fedha zote za mnada ule, zaidi ya dola milioni 21, alizitoa kwa shirika la mazingira la ClientEarth.

Kiwanda hujaribu kuuza kipande cha historia hiyo. Mwaka 2006 Fender walitengeneza nakala 275 za Blackie, gitaa la Clapton, kila moja dola 24,000, mikwaruzo ikiwa imeigwa kama ilivyo. Naziheshimu kama kazi ya ufundi, lakini nisingemshauri mtu azinunue kwa kutarajia faida.

Jambo moja linamgusa msomaji wa Afrika Mashariki. Ubao wa vidole wa magitaa mengi ya kale ni mti wa Brazili wa jamii ya Dalbergia, uliowekwa mwaka 1992 chini ya ulinzi mkali zaidi wa CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Kuuvusha mpakani bila kibali ni kujitakia kunyang'anywa. Mpingo wetu ni ndugu yake, nao uliingizwa kwenye udhibiti wa mkataba huo mwaka 2017, ingawa ala zilizokamilika za miti ya jamii hiyo, isipokuwa ule wa Brazili, zililegezewa masharti mwaka 2019.

Anayetaka kupiga, na siyo kuweka kabatini, atafute la kale lililopakwa upya lakini mbao na shingo yake ni za asili. Atalipata kwa nusu ya bei, na amplifaya haijui rangi. Nami napenda zaidi magitaa yanayoendelea kufanya kazi. Les Paul ya 1959 aliyokuwa nayo Peter Green wa Fleetwood Mac ilikwenda kwa Gary Moore, kisha ikafika kwa Kirk Hammett wa Metallica, ambaye huipiga jukwaani. Sumaku ya pikapu yake ya juu imegeuzwa, na pikapu mbili zikipigwa pamoja hutoa mlio mwembamba wa puani ambao umekuwa alama ya gitaa hilo. Mwaka 2023 Gibson walianza kuuza toleo lenye jina la Hammett, nao wakaigeuza sumaku kiwandani.