Umeanza masta? Pitia Kongwa kwanza

Hongera kwa kudahiliwa! Kabla hujakimbilia kuandika pendekezo la utafiti, sikia kisa cha hapa Kongwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mradi mkubwa wa karanga, matrekta kibao. Lakini udongo una mfinyanzi: kiangazi unakauka na kuwa mgumu kama saruji, karanga hazing'oki. Mvua nayo haitabiriki. Mwaka 1951 mradi ukafutwa.

Somo? Mpango uliwahi, kulijua shamba kukachelewa. Basi muhula huu wa kwanza, mwombe msimamizi wako uende fildi mapema. Shika udongo, ongea na wakulima, ndipo uandike swali lako. Ukigundua kosa sasa, unafuta sentensi tu; ukiligundua baada ya kukusanya data, mwaka umeshaenda.